Fundi Bomba Aliyekataa Kuhama Ghorofa ya Tatu

Saa tatu asubuhi, miguu miwili yenye raba zilizochakaa inachomoza chini ya sinki la jikoni. Sauti inatokea huko huko chini, imebanwa kati ya ukuta na ndoo.

"Dada, fungua maji. Taratibu! Nimesema taratibu, unataka kuniogesha?"

Mwenye jiko anacheka. Miguu inajikunja, na anatoka mwanamke mnene wa miaka arobaini na sita, kitambaa kichwani, spana mkononi. Anapitisha kidole kwenye maungio ya bomba, anakitazama. Kikavu. Ndipo anapotabasamu.

Mtaa mzima unamwita Mama Koki. Ufundi wa bomba alijifunza kwa marehemu mumewe, kwa kumshikia tochi. "Nilishika tochi miaka minne," anasema. "Siku moja nikamwambia, baba, leo shika wewe."

Siku nzuri anahudumia nyumba tatu. Siku mbaya simu hailii kabisa. Theluthi ya kipato chake inakwenda kwenye kodi ya vyumba viwili na sebule, ghorofa ya tatu, katika jengo la familia kumi na mbili lililo pembezoni mwa mji. Ni mtaa mdogo. Ukinunua sufuria mpya asubuhi, jioni unaulizwa unapika nini.

Humo anaishi na mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na moja. Mumewe alipofariki miaka tisa iliyopita, ndugu walitegemea kila mmoja ashike njia yake.

"Waliniuliza, mume hayupo, mkwe wa nini?" anakumbuka. "Nikawajibu, mama huyu sikuolewa naye, lakini nimemzoea."

Mwaka jana maji yalikatika ghorofa ya tatu. Chini yalitoka, katikati yalitoka, juu hata tone. Wakala anayesimamia jengo kwa niaba ya mwenye nyumba aliwaambia wapangaji wanne wa juu kwamba pampu imekufa na mwenye mali hana fedha za kununua nyingine. Anayetaka maji ateke uani, apande nayo.

Ngazi ni hamsini na nne. Mama Koki anazijua kwa idadi kwa sababu alizipanda na ndoo mbili mbili kwa wiki tatu za mwanzo. Alitaka kuikagua pampu, lakini wakala alimkataza: jengo lina fundi wake.

Kilichomtoa kwenye subira ni chai. Mkwe wake, mpenzi wa chai asiye na mfano, alianza kuikataa. Kila akimiminiwa anasema ameshiba.

"Nikamwambia, mama, chai haishibishi. Akaona haya, akasema anaogopa kwenda chooni mara kwa mara, maana kila akienda ni ndoo nyingine begani kwangu." Mama Koki anaiweka spana chini. "Hapo nilisema basi."

Asubuhi iliyofuata alishuka hadi kwenye pampu, akaweka kiganja juu yake. Ilikuwa inatetema. Nzima kabisa! Akalifuata bomba linalopanda juu na kukuta koki yake imefungwa, imezungushiwa mnyororo na kufuli jipya.

Siku ile ile jirani yake wa mlango wa pili, kinyozi, alikutana ngazini na mtu aliyeletwa kutazama vyumba vyao vya juu, ambamo bado walikuwa wakiishi. Mgeni huyo alikuwa ametajiwa kodi mara mbili ya wanayolipa wao.

Kinyozi alikwenda kuazima msumeno wa chuma. Mama Koki akamzuia.

"Nilimwambia, ukikata mnyororo, kesho wewe ndiye mharibifu na yeye ndiye mwenye mali. Liache. Hilo kufuli ndilo shahidi wetu."

Alilipiga picha, akaandika barua kwa mwenye nyumba na kugonga milango yote kumi na miwili. Milango kumi ilitia sahihi, hata ya wale ambao maji yao yalikuwa yanatoka. Jibu lilikuja kupitia kwa wakala baada ya siku mbili: notisi ya siku thelathini, kwa kosa la "kuchochea wapangaji".

"Niliisoma nimesimama," anasema. "Kisha nikaibandika ukutani. Kila mgeni akiingia ananiuliza, nami namsimulia. Uchochezi wenyewe ulianzia hapo."

Wiki ya pili wakala alirudi mpole kama maji ya mtungini. Vyumba vya chini, karibu na uani, vilikuwa wazi. Angempa kwa kodi ile ile. Hakuna ngazi, maji saa zote. Sharti ni moja tu: barua iondolewe.

"Sitakudanganya, nilikaa nalo siku mbili. Nilimfikiria mama na magoti yake. Nikamweleza, nikidhani atafurahi. Akaniuliza, 'Na wenzetu wa juu?' Nikamtajia magoti yake. Akaniambia, 'Mwanangu, magoti haya ni yangu. Usiyafanye kisingizio chako.'"

Mkwe huyo, anayesikiliza akiwa kitini kando ya dirisha la sebule yao, anaingilia: "Na nilimwambia tena aache kunitaja kila anapotaka huruma, kama barua ya daktari. Hilo hakusimulii."

Kukataa kulikuwa na gharama. Wakala anasimamia majengo mengine matano, na karibu nusu ya kazi za Mama Koki zilitoka huko. Simu za majengo hayo zilikoma wiki ile ile. Aliuza mashine yake ya kutobolea kuta. Miezi miwili alitoboa kwa nyundo na patasi, mikono ikavimba, lakini siku ya thelathini ilipofika hakuwa amefunga hata kifurushi kimoja.

Mama Koki alilifikisha shauri kwenye baraza linalosikiliza migogoro ya nyumba. Wakala alikuja na faili nene, akasisitiza kwamba pampu ni mbovu. Mama Koki aliomba kumuuliza swali.

"Nilimuuliza, imeharibika kitu gani? Mota? Akasema, yote. Nikawageukia wajumbe: mabibi na mabwana, pampu iliyokufa yote inawapaje maji watu wa ghorofa ya pili?"

Wajumbe watatu waliamua kwenda kuona wenyewe. Wakala aliagizwa atoe ufunguo. Mnyororo ukadondoka, na Mama Koki akaizungusha koki mbele yao. Kisha dirishani, ghorofa ya tatu, mama mkwe akatoa kichwa na kupiga kelele: "Yamekuja! Yananilowesha jikoni!"

Baraza lilifuta notisi, likapiga marufuku kufunga maji, na kuzuia kodi isipandishwe kwa mwaka mmoja. Gazeti hili lilipompigia wakala, alisema hana la kuongeza, akakata simu. Bado anasimamia jengo. Yeye na Mama Koki hupishana ngazini.

"Namsalimia kila siku, tena kwa sauti," anasema fundi huyo. "Salamu hailipiwi kodi."

Mkataba wake unaisha mwezi wa tatu, na mwenye nyumba anaweza kukataa kuuongeza. Mama Koki analijua hilo. Anasema wakitaka kumtoa watamwandikia sababu, naye ataipeleka pale pale barazani. Njia sasa anaijua.

Wakati huo huo ameomba chumba kimoja cha shule ya mtaa, kila Jumamosi, awafundishe wanawake ufundi wa bomba bila malipo. Saba wamejiandikisha. Mmoja ni mke wa kinyozi. Mwingine ni dada wa kazi wa yule wakala, na alipomwambia Mama Koki anakotoka, aliogopa atafukuzwa darasani.

"Nikamwambia, keti mbele," anasema Mama Koki, akifuta spana zake moja moja na kuzirudisha mfukoni. "Nataka ifike siku, mtu akitufungia maji mtaani hapa, asijue amwogope nani kati yetu."