Somo la Moyo

Mimi nafundisha sayansi Cibitoke, na sina subira, kila mtu shuleni anajua. Amri inasema tufundishe kwa Kifaransa. Haya, fundisha sasa! Watoto wanne kwenye benchi la wawili, kitabu kimoja kwa benchi zima, na Kifaransa chenyewe wanakisikia kwangu tu. Kwa hiyo nilikuwa nafunga mlango, naingia kwenye Kiswahili, na nyuso zinachangamka.

Kulikuwa na binti mmoja, baba yake fundi wa magari. Alikuwa amesharudia darasa mara moja. Baba alinijia mikono ikiwa na grisi, akasema, "Madamu, akianguka tena mi namutoa. Ataenda kuuza na mama yake soko ya Mutakura." Nikamwambia aniachie mimi. Jamani, nilivyojiamini!

Somo la moyo nililifundisha kwa maneno ya gereji: pampu, mabomba, valvu. Binti akalishika mpaka akawa anawaeleza wenzake mbele ya darasa. Niliringa kweli. Maneno ya Kifaransa niliyaandika ubaoni, wakanakili, tukapita. Nilisema tutayarudia. Hatukuyarudia.

Mtihani ukaja kutoka juu, mmoja kwa shule zote. Nikapangwa kusimamia darasa langu mwenyewe, inspekta amekaa mlangoni. Swali kubwa lilikuwa mzunguko wa damu, kwa Kifaransa kirefu. Binti akalisoma, akalisoma tena, kisha akaniangalia mimi. Neno moja tu la Kiswahili lingetosha. Lakini ningefungua kinywa, darasa zima lingefutiwa mtihani. Nikaangalia dirishani. Karatasi yake niliikusanya nyeupe, na nilimchukia kila mtu siku ile, kuanzia mimi.

Nje alinifuata. "Madamu, ile swali ilikuwa inauliza nini?"

Ningemdanganya. Mpaka leo najilaumu kwamba sikumdanganya. Nikamwambia: damu inatoka wapi, inapita wapi, inarudi vipi.

"Ni hiyo tu?" Akaanza kujibu pale pale uwanjani. Upande wa kulia, mapafu, upande wa kushoto, mwili mzima, tena kulia. Hakuruka kitu. Alipomaliza alikuwa anacheka kwa furaha, akaninyooshea mkono.

"Basi nipe karatasi yangu, Madamu, niandike."

Inspekta alikuwa ameshafunga bahasha, anawasha pikipiki.