Kisiwa Nilichokisahau Mbele ya Wenyewe

Naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: siku niliyokwenda Chokocho kumposea mtoto wa kaka yangu, nusura nimkoseshe mke kwa neno moja la jiografia. (Neno lenyewe halina kosa. Kosa ni langu.)

Mimi ni fundi saa, Madungu, skuli niliiacha mapema na yote niyajuayo nimeyaokota vitabuni na kuyaandika daftarini, basi nilipofanywa mshenga nikaona maneno ya kawaida hayanitoshi, nikaanza kwa kusema kwamba Pemba si kisiwa kimoja bali ni funguvisiwa, na bahari iliyo katikati haitutengi, inatuunga, kama ndoa. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hapo ningenyamaza. Lakini ami yake binti, mwenye nyumba tuliyokutania, akauliza funguvisiwa ndiyo nini, nami nikaeleza kuwa ni visiwa vilivyokaribiana, vikahesabiwa pamoja kama kundi, kisha (nani aliniuliza?) nikaanza kuvitaja kwa vidole: Kojani, Fundo, Njao, Makoongwe, hata Misali, nikamalizia, "Na hivyo ndivyo vyote."

Baba yake binti, Mzee Faki, alikuwa amevuka asubuhi ile kutoka kwao Kisiwa Panza, na hilo niliambiwa mara mbili njiani.

"Shehe," akasema taratibu, "Misali hakuna mwenye kwao pale, nacho umekitaja. Sisi tuna msikiti, tuna skuli. Umetutia wapi?"

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi nikatoa daftari mfukoni mwa kanzu nihakikishe, nikapitisha kidole mstari kwa mstari, nikasema kwa sauti, "Kweli, hakimo" (ramani niliyoinakili ilikuwa imechanika upande wa chini, kusini huko kiliko). Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko, kaka yangu akajifunika uso kwa kofia.

Mzee Faki akasema jibu la posa lipo, ila halitaletwa. Mshenga atalifuata kisiwani, apite nyumba hadi nyumba, ajionee kama watu wapo. Ijumaa nikavuka. Kila mlango nikapokewa kwa, "Karibu, wewe ndiye uliyetuzamisha?" nikanyweshwa chai mpaka nikashindwa kuinama kuvaa makubadhi. Mwisho mzee akaomba daftari langu, akaandika Kisiwa Panza juu kabisa ya orodha, na pembeni yake: tumekubali.

Tangu hapo nikiulizwa maana ya neno naieleza, kisha nanyamaza. Mifano namwachia mke wa mtoto wetu, naye daima huanza na kwao.