Manjano Kwenye Kope za Mama

Mdogo wangu alizileta karata zile kutoka hoteli anakofanya kazi. Mgeni alizisahau chumbani, zikakaa muda mrefu kwenye kabati la vitu vilivyosahauliwa, na hakuna aliyezidai. Mwishowe msimamizi akamwambia azichukue kama anazitaka. Hazikuwa karata tulizozizoea, za kopa na uru. Zilikuwa kubwa kama kiganja, na kila moja ilikuwa na picha kamili: mtu ananing'inia kwa mguu mmoja kichwa chini, mnara unapigwa radi, mwezi na mbwa wawili wanaubwekea. Ni zile zinazoitwa taroti, ambazo ng'ambo watu huzitumia kutazamia bahati.

Mama yetu amelelewa Bukoba, katika nyumba ya rozari kila jioni. Aliuliza swali moja kabla hajazigusa.

"Hii siyo ramli?"

"Mama, hapa nani anajua kuzisoma?" mdogo wangu alisema. "Ni picha tu."

"Picha sawa. Lete."

Wakati huo Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na la kulia ndilo lilikuwa limeziba zaidi. Televisheni kwake ilikuwa moshi wenye sauti. Nyuso zetu alizitambua kwa mwendo na harufu. Lakini karata zile, kwa ukubwa wake na rangi zake kali, aliweza kuzipata akizileta karibu sana. Aliketi kwenye dirisha letu la Igogo, hapa Mwanza, lile linalotazama ziwa, akainua karata hadi ukingo wake ukagusa kope, kisha akaipitisha taratibu mbele ya jicho kama mtu anayenusa samaki kujua kama bado ni mbichi.

Basi tukabuni mchezo wetu. Kila Jumapili baada ya chakula, kila mmoja anavuta karata na kusimulia anachokiona, wengine wanabisha. Bahati haikutajwa. Mama ndiye aliyekuwa bingwa, kwa sababu alikuwa anaona vitu ambavyo havikuwepo.

"Huyu mwanamke anakamua ng'ombe," alisema siku moja.

"Mama, huyo ni simba," mdogo wangu alimwambia. "Anamfunga mdomo."

"Simba gani anatulia hivyo? Muulize aliyechora kama amewahi kukaa na simba."

Mchezaji wa nne alikuwa jirani yetu, muuza viungo katika soko la Buzuruga. Alikuwa anakuja moja kwa moja kutoka kanisani, anamwamkia Mama, "Shikamoo mama," anaitikiwa, anaketi kwenye mkeka na kudai karata azichange yeye. Kwa miaka mingi amepima na kufunga manjano kwenye vifuko, na ncha za vidole vyake zina rangi ambayo haitoki hata kwa sabuni ya mche. Tena ana tabia ya kulamba kidole gumba ili karata ziachane, kama karani anayegeuza kurasa.

Jumapili moja nilikuwa ninamfunga Mama kilemba, nikaona doa la njano kwenye kope yake ya kulia. Dogo, kama chembe ya unga. Nikamwuliza kama alikuwa jikoni. Hakuwa. Nikaangalia karata: pembe zake nyingi zilikuwa zimeanza kugeuka njano. Nikaangalia mkono wa mdogo wangu: njano kwenye kidole cha shahada, na mstari mwembamba chini ya pua. Nikaenda kwenye kioo. Mimi nilikuwa nayo sikioni.

Sikukasirika wala sikuogopa. Nilifurahi, kusema kweli, kwa jinsi mtu anavyofurahi akigundua sisimizi walikuwa wanapita wapi kuingia kwenye sukari. Mimi ninafundisha sayansi shule ya msingi, na mara nyingi nimewaambia watoto kwamba mikono inabeba vitu visivyoonekana. Wanaitikia ndiyo mwalimu, wanaandika, wanakwenda kula maandazi. Na hapa, bila kupanga, jirani alikuwa ametupatia kitu kinachoonekana kinachopita njia ile ile.

Nikaanza kutazama mikono ya watu. Nakuomba nawe ujaribu siku moja, bila kumwambia mtu, ukiwa umekaa tu na jamaa zako. Utashangaa. Mkono unatoka kwenye karata unakwenda kwenye simu, kwenye upindo wa khanga, puani, kwenye karata tena. Mwenye mkono hana habari. Nilijitazama pia, na nilipojikaza nisiuguse uso wangu, ulianza kuwasha kila mahali.

Nikaona na jambo lingine ambalo sikuwahi kulifikiria. Nyumbani kwetu kunawa ni heshima: mdogo wangu anazunguka na jagi na beseni, anaanza na Mama, anamiminia mgeni, kila mtu anasema asante. Lakini kabla ya kula ni maji matupu. Sabuni inakuja baada ya kula, kuondoa harufu ya samaki. Kwa hiyo tulikuwa tunaingia kwenye ugali na mikono iliyolowa, na tunatoka na mikono safi. Kisha tunakaa tukijua tumeshanawa, na mikono hiyo safi inaanza safari zake upya.

Nilipowaeleza, jirani alicheka. "Dada, manjano ni dawa. Mama anapata tiba bure."

"Manjano sina shida nayo," nilisema. "Nawaza kinachopanda pamoja nayo."

Tuliachia hapo. Mama alivuta karata nyingine.

Halafu ikapatikana nafasi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Mwanza kwa kambi, na jina la Mama likaingia kwenye orodha ya watakaofanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Muuguzi aliyempima alitueleza kwa upole, akirudia mara mbili kwa sababu anajua watu husikia nusu.

"Siku hiyo akija na macho mekundu, au yanatoa tongotongo, daktari hatamgusa. Atasubiri kambi nyingine."

"Nyingine ni lini?" niliuliza.

"Hilo mimi silijui, dada yangu."

Njiani Mama alinishika mkono mpaka tulipofika mlangoni. Ndipo akasema, "Nikikosa hii nitakuwa kipofu nikisubiri." Alilisema bila kujionea huruma, kama anavyosema mchele umebaki kidogo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kisesa kumwona shangazi mgonjwa. Niliporudi mchana niliwakuta wameshaanza mchezo. Jirani alikuwa anachanga. Mama alikuwa dirishani. Na mdogo wangu alikuwa amekaa ndani ya nyumba amevaa miwani ya jua, nyeusi tii, kama dereva wa basi.

"Wewe vipi?"

"Macho mekundu," alisema. "Hotelini nusu yetu tunayo. Lakini usihofu, sijavua miwani tangu nifike. Mama sijamtazama hata kidogo."

"Kweli hajanitazama," Mama alimtetea. "Anaongea na mimi amegeukia ukutani."

Nilielewa palepale. Tangu tukiwa watoto tumeambiwa kwamba macho mekundu yanaambukiza kwa kutazamana. Mtu akiyapata, wenzake wanainamisha vichwa, na yeye akiwa mstaarabu anavaa miwani. Mdogo wangu alikuwa amefanya kila kitu ambacho mtu mwenye upendo angefanya kumlinda mama yake. Na wakati anasema hayo aliingiza kidole chini ya miwani, akajipangusa jicho, akavuta karata, akaitazama, akampa Mama.

Mama aliipokea na kuanza kuiinua.

"Mama, iweke chini."

"Sijaiona bado."

"Iweke magotini. Usijiguse uso. Nakuomba."

Sauti yangu ilimfanya atii. Nilileta jagi, beseni na sabuni, nikamnawisha polepole, katikati ya vidole, chini ya kucha, mgongo wa mkono, huku nikieleza. Macho hayarushi ugonjwa. Ni yale maji na tongotongo yanayobebwa na kidole, taulo, mto, karata. Mdogo wangu alibisha, na alikuwa na haki, kwa sababu alichoamini ndicho tulichofundishwa sote. Nikamwambia, "Angalia karata uliyompa Mama. Angalia pembe." Ilikuwa njano. "Haya manjano yalifika kwenye kope ya Mama. Nani alimtazama Mama kwa jicho la manjano?"

Mdogo wangu aliitazama ile pembe. Kisha akainuka akaenda kusimama nje, kwenye kibaraza, akiwa ameishika mikono yake mbali na mwili kana kwamba si yake.

"Rudi unawe," nilimwambia. "Hujaua mtu. Kuanzia leo taulo lako peke yako, na sabuni kila ukijigusa jicho."

Jirani alikuwa anakitazama kidole gumba chake. "Kwa hiyo na kulamba pia?"

"Na kulamba pia, mama yangu."

"Basi mchezo huu umekuwa mgumu."

Nilijaribu kuzifuta karata kwa kitambaa chenye maji, ya kwanza ikavimba na kuanza kuachana. Kwa kweli sijui vijidudu hudumu muda gani kwenye karatasi, na nilipokuwa sijui niliona heri kuwa mwoga. Nikazifunga kwenye mfuko na kuziweka juu ya kabati.

Zilikuwa siku ngumu. Kila asubuhi nilimketisha Mama kwenye mwanga, nikanawa, nikamvuta kope ya chini na kutazama. Nyeupe. Kesho yake tena. Siku moja niliona wekundu pembeni. Kumbe alikuwa amelala kifudifudi, na jioni ukawa umekwisha. Shida kubwa ilikuwa mkono wake mwenyewe. Mtu asiyeona vizuri hujipikicha macho, maana anadhani kuna kitu cha kuondoa. Nikampa maharage ya kuchambua, kwa kugusa, ili mikono iwe na kazi.

Ni yeye aliyeurudisha mchezo. Jumapili alimwita mdogo wangu, ambaye macho yake yalikuwa yanapona, akamwambia akae mlangoni na mfuko wa karata.

"Wewe taja, mimi nasikiliza."

"Nimepata mwanamke na simba," mdogo wangu alisema. "Amevaa kofia nyekundu."

"Hana kofia. Ana maua kichwani. Unanidanganya."

"Kweli, ana maua. Na hapa kuna mfalme na mbwa wake wawili."

"Mbwa ni wa mwezi. Endelea kunidharau." Na vidole vyake vilikuwa kwenye maharage muda wote.

Jirani, mikono ikiwa imefungwa kwapani, alicheka mpaka akalia, na alipotaka kupangusa machozi alitukuta sote tunamwangalia. Akayaacha yatiririke.

Asubuhi ya upasuaji foleni ilikuwa ndefu. Mwanamume mmoja mbele yetu alirudishwa, macho yake yakiwa yamevimba, na mwanawe akabaki amesimama kando akiwa hajui waelekee wapi. Muuguzi alipomfikia Mama alinawa, akawasha tochi, akavuta kope moja, akavuta nyingine, akarudia ya kwanza.

"Safi," alisema. "Mama, ingia."

Bandeji ilitolewa kesho yake, tukapewa dawa ya matone. Nyumbani nilimketisha dirishani, nikafungua kichupa na kuinama juu yake. Mama alinikamata mkono kabla tone halijaanguka. Akaugeuza, kiganja, mgongo, akauleta kwenye mwanga kwa umbali ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwa miaka mingi, umbali wa watu wote.

"Hapa chini ya kucha," alisema, "hapo pana nini?"

Nilitazama. Palikuwa na unga wa chaki.

"Nenda ukanawe."

Nilikwenda. Nikiwa bombani nilisikia anamwambia mdogo wangu alete na mikono yake aione.