Niliomba mvua, nikapanda mtama

Admin, naomba unifichie jina, maana humu wapo hadi waimba kwaya wenzangu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina mume na watoto watatu, tunalima na kufuga huku vijijini Ikungi, mkoa wa Singida. Majina nitakayotaja siyo ya kweli. Wenye matusi subirini kidogo, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Kwetu, kabla ya kupanda, waumini tunakwenda shambani kuomba mvua. Msimu uliopita mchungaji alinipa mimi niongoze. Niliomba jamani. Nililia mpaka sauti ikakauka, na sikuwa naigiza. Watu walirudi nyumbani wakiimba, kesho yake wakaanza kupanda mahindi.

Mimi nikapanda mtama. Kwa msioijua Singida, mtama huvumilia ukame, mahindi yanataka mvua ya uhakika. Mume wangu aliponiona natoa mbegu akauliza, "Mama Eliya, jana kwenye maombi si ulishukuru kabisa kana kwamba mvua imeshakuja?" Nikamwambia tahadhari siyo dhambi. Akacheka, kwake yakaisha. Kwangu hayakuisha, kwa sababu pale pale nilipokuwa naomba, moyo ulikuwa unaniuliza: na kama hakuna anayesikia?

Mvua ilianza vizuri, kisha ikakata wakati mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Yakakauka. Mtama wangu ukasimama. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, maana hakuna aliyesema nilikuwa na shaka. Walisema Mungu ameiona imani yangu. Wakanichagua kuwa mzee wa kanisa. Jumapili hii nasimamishwa mbele ya usharika, niulizwe kama naamini, nijibu kwa sauti.

Nimemweleza mume wangu. Akasema, "Acha kuchokonoa. Mashaka tunayo wote, ila hatuyapeleki madhabahuni." Pengine anasema kweli. Lakini mimi situlii. Sijaacha kuomba hata siku moja. Nikikamua ng'ombe naomba, nikipepeta naomba, halafu katikati ya sala najiuliza naongea na nani, na bado naendelea kuongea. Ningekuwa siamini kabisa ningepumzika. Ningeamini kabisa ningepumzika pia. Niko hapo katikati, nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Juzi alikuja jirani yangu Mama Rehema, ambaye ni mjane. Yeye alipanda mahindi shamba zima kwa kuyategemea yale maombi, na tangu hapo anaishi kwa vibarua vya kulimia watu. Nilijua amefuata unga, nikainuka kwenda kumpimia. Akanishika mkono.

"Kaa kwanza, Mama Eliya. Unga utanipa baadaye. Wiki ijayo tunakwenda tena kuomba mvua, na najua watakupa wewe uongoze. Nitaitikia amina kama kawaida yangu. Ila safari hii uniambie mapema, wewe mwenyewe unapanda nini?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia bei ya chumvi. Aibu niliyoisikia sina pa kuiweka. Nikamjibu, "Mtama."

"Haya, na mimi mtama," akasema. Kisha akaniangalia. "Lakini uombe vile vile kama mwaka jana. Usipunguze."

Nikampimia unga, akaondoka. Mimi nikabaki na yale maneno, na mpaka leo nayageuza geuza. Mwanamke huyu ameshaniona nilivyo, maombi yangu yamemponza, na bado anataka nimwombee. Sijui yeye ndiye mwenye imani au amenizoea tu.

Jumapili atakuwa amekaa benchi la mbele akinitazama wakati naulizwa kama naamini. Ndugu zangu, nishaurini: niitikie ndiyo, au niombe radhi nirudi kukaa kando yake?