Somo Lisilo na Maneno, na Mkwe Nyuma ya Mlango

Kwetu milimani, mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja wala hawasemeshani. Desturi hiyo sikuiacha Kivu, sikuiacha Buffalo tulikofikia kwanza, na hapa Columbus ninayo bado. Basi mwaka 2015 kompyuta iliponigomea, nikawa na shida mbili, maana mjuzi wa kompyuta katika ukoo wetu ni mmoja tu, na ndiye mkwe wangu.

Nilikuwa nimepata kazi ya kumtunza bibi mmoja huko Clintonville. Kampuni ilitaka nimalize somo la kwenye mtandao, la kumwinua mgonjwa, kabla ya Jumapili jioni. La sivyo, bibi anapewa mtunzaji mwingine. Jumapili hiyo mchana nikakaa jikoni na kompyuta yangu kuukuu, nikafungua somo. Mwanamume wa kwenye video akainama, akainuka, akaonyesha kwa kidole visanduku vya majibu. Vitupu! Hata kitufe cha kuendelea hakikuwa na neno.

Bahati njema binti yangu na mumewe walikuwa wametoka Louisville kunitembelea. Mkwe alikuwa sebuleni, binti akasimama mlangoni kubeba maneno.

"Mama, anauliza kama umevaa miwani."

"Mwambie mumeo ninayo. Kusoma nilifundishwa Buffalo, na mwalimu hakulalamika."

"Anasema labda umechoka."

"Mwambie aje aone mwenyewe. Mimi natoka."

Nikatokea mlango wa nyuma, nikasimama kwenye baridi, sikio likiwa ndani. Kisha nikamsikia mkwe akishangaa, "Ah, bon!"

Binti akatoa kichwa nje. "Ni kweli, mama. Ukurasa wenyewe una maandishi, ila ndani ya somo hamna. Somo linachezeshwa na plagini, kiprogramu cha ndani ya brauza, nayo inatafuta fonti, donc, yaani maumbo ya herufi, ambayo mfumo wako huu wa Linux hauna. Atayaweka."

"Na habari ya miwani?"

"Anaomba radhi."

Nikafurahi kuliko inavyompasa mama wa kanisa.

"Lakini anataka neno lako la siri."

Furaha ikakatika. "Mwambie arudi sebuleni. Nitaandika mwenyewe."

Alipokwisha kutoka jikoni, nikaingia. Nikabonyeza herufi ya kwanza, kioo hakikuonyesha kitu.

"Na hapa tena maandishi yamepotea!"

"Hapana, mama, hilo linafichwa makusudi. Andika tu."

Sasa mtu atajuaje amefika wapi? Nikaandika nilivyofundishwa, kwa sauti.

"M… K… W… E…"

Binti akaanza kukohoa.

"M… L… A… F… I."

Sebuleni, kijiko kilichokuwa kikigonga sahani kikanyamaza.

Fonti zikaingia. Binti akafunga brauza, akaifungua tena, na visanduku vikajaa maneno, meusi, yaliyonyooka. Nikajibu yote, nikakosea lile la breki za kitanda tu. Kompyuta ikaandika kwamba nimefaulu. Bibi wa Clintonville alikuwa wangu.

"Mwambie mumeo nimefaulu."

"Hongera, mama mkwe!" sauti ikatoka sebuleni kabla binti hajafungua kinywa.

Nikamgeukia binti. "Mwambie sijamsikia."