Mguu wa Bi Saa

Watu wa kwaya ndio waliompa jina la Bi Saa, enzi za usichana wake, kwa kuwa hakuwahi kupotea kwenye mdundo. Jina hilo alilivaa miaka yote bila kulivua, na ole wake aliyethubutu kumwambia kachelewa, hata kama ni kuchelewa sokoni. Sasa alikuwa mjane wa makamo, akiimba kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa hoteli, gita mkononi na kisanduku cha kunasia sauti miguuni. Akikikanyaga, kinaanza kunasa. Akikikanyaga tena, kinarudia kilichonasa bila kuchoka, naye anaendelea kuimba juu yake. Kuendesha mashine ya ngoma ilikuwa kazi ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Na shemeji huyo alikuwa ameanza kumtia wasiwasi.

Ule mkono wake, kwa mfano. Wimbo ukikolea tu, vidole vinanyemelea kitufe cha mwendo wa ngoma, vinakizungusha kidogo, halafu vinarudi mezani kama havijui lolote. Halafu kuna waya. Mashine hizo mbili zilipaswa kuunganishwa ili ziende pamoja, lakini waya wenyewe Bi Saa aliuona umezungushwa vizuri ndani ya begi la shemeji. Juu ya hayo, alimfuma akinong'ona na meneja, na Jumamosi iliyofuata meza yake ikawa imetoka ukutani, imesogezwa karibu kabisa na alipokuwa akisimama yeye. Tangu hapo, mtu mzima na mvi zake, kazi kumkodolea mguu!

"Anataka nipotee mbele za watu," alimwambia dada yake. "Nikishaonekana nimechoka, jukwaa linabaki lake."

"Na ataimba nini? Sauti yenyewe kama bawaba kavu."

"Wewe cheka tu."

Dada alicheka kweli. Bi Saa hakuweza. Ilimuuma, maana shemeji huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya mazishi ya mumewe.

Jumamosi, wahudumu wakiwa bado wanapanga viti, alitia mkono begini bila kuomba ruhusa, akautoa waya, akamtupia shemeji mapajani.

"Chomeka."

Shemeji aliutazama waya, akamtazama yeye. "Shemeji, si twende tu kama tulivyozoea?"

"Uliuficha kwa nini?"

"Sikuuficha."

"Basi chomeka. Na mikono yako niione juu ya meza."

Akachomeka, akaanzisha ngoma. Bi Saa akakanyaga, akaimba mstari wake wa kufungulia, "Nisubiri mlangoni, narudi," akakanyaga tena.

Kisanduku kikarudia: "Nisubiri mlangoni, naru..." Kikaanza upya. "Nisubiri mlangoni, naru..." Sasa kilikuwa kinaitii mashine ya ngoma, na mashine ya ngoma haimsubiri mtu. Mzunguko wake ukiisha, inafunga mlango.

"Waya mbovu huu," alisema Bi Saa.

Shemeji aliiacha mikono juu ya meza kama alivyoamriwa. Bi Saa akafuta, akaimba tena. "Naru..." Mara ya tatu aliinamisha macho, akautazama mguu wake mwenyewe. Ngoma ilipofunga mzunguko, mguu ulikuwa bado hewani.

Akaushusha taratibu. "Tangu lini?"

"Tangu msiba."

"Na kile kitufe?"

"Nilikuwa nakufuata, shemeji. Ukivuta mguu, na mimi napunguza mwendo. Ndiyo maana nilimwomba meneja anisogezee meza, niuone mguu wako. Ukiunganisha waya, siwezi kukufuata."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mlangoni wageni wa kwanza walikuwa wameanza kuingia, na kisanduku bado kinaimba neno lake nusu. Alikizima. Akachomoa waya mwenyewe, akauzungusha vizuri kama alivyoukuta, akaurudisha begini.

"Meza yako bado iko mbali," alimwambia bila kumtazama. "Sogea."