Wimbo Niliokataa Kuuanzisha

Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi, duka la jirani yetu wa zamani pale Kangeta lilibomolewa. Nilikuwa nimeenda sokoni kununua sukari, nikasimama kutazama mabati yakishushwa. Mama mmoja mzee kando yangu akasema, "Hapa ndipo alipokaa yule msichana wa sauti." Miaka yote hii imepita, na nakwambia kweli, niliona wivu.

Jirani huyo alikuwa Msomali, mnunuzi wa miraa. Binti yake alikuwa rika langu. Mchana tuliketi na akina mama tukifunga miraa kwa majani ya mgomba, vidole vyeusi kwa utomvu, wao wakiimba. Nyanya yangu ndiye aliyemchagua mwanzishaji wa wimbo, na kila mara alimchagua binti huyo, aliyeimba Kimeru kizuri kunishinda na kumwita nyanya Cucu, yaani bibi, kama mimi.

"Wewe, sauti yako iweke ya kuita mbuzi," nyanya aliniambia, na wote wakacheka.

Mwaka mmoja serikali ikaagiza Wasomali wakaguliwe, hata waliozaliwa hapa. Aliyekosa uthibitisho wa uraia angevushwa mpaka. Binti akatunga wimbo: "Ewe mpaka, ulikuwa wapi nikizaliwa? Cucu huyu ndiye aliyenipokea." Akina mama wakaushika. Wakaamua kuuimba nje ya ofisi ya chifu siku ya ukaguzi, maafisa wajue kwamba familia ile ina mashahidi.

Siku hiyo binti alikuwa ndani kwenye foleni na wazazi wake, wamekatazwa kusema. Kwa desturi ya kikundi, wimbo ulianzishwa na mtunzi au rika lake. Nyanya akanigeukia.

"Anzisha, mama. Leo ni wewe."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu utotoni. Lakini wimbo ulikuwa wake, na hata ningeuimba vipi, sifa zingekuwa zake. Nikashika koo.

"Nimekauka, Cucu."

"Umekauka ama umekasirika?"

Tukasimama kimya, kundi zima, hadi afisa akafunga kitabu na familia ile ikaamriwa kupanda lori.

Juu ya lori binti akauanzisha wimbo mwenyewe. Akina mama wakaitikia wakilia, nyanya akikimbia nyuma, leso imemdondoka. Hata pale sauti ya binti ilikuwa nzuri, na niliichukia. Lori likashika njia ya Isiolo. Waliitikia hadi vumbi likatulia. Mimi sikuitikia.